Plagi ya tatu imegoma kutoka: nimruhusu fundi avute?

SWALI: Nina Hilux ya petroli, cc 2700, ya mwaka 2008. Naibebea viazi na mbao, na nikishuka Morogoro narudi na mzigo wa dukani. Tangu mvua za mwezi wa tatu inamisi (silinda inaruka bila kuwaka) nikipandisha mlima wa Kitonga, ila kwenye tambarare inakimbia vizuri tu. Nimenunua plagi nne mpya za cheche. Fundi katoa ya kwanza na ya pili, ya tatu ikagoma. Akasema tuwashe injini ipate moto, kisha tuchomeke bomba kwenye mpini wa racheti tuivute kwa nguvu. Nilimwambia asubiri. Mpira wa koili ya tatu ulitoka umelowa oili. Je, nimruhusu, au hata mimi naweza kuifanya? Na hizi plagi mpya ndizo zitaondoa misi? — Mwenye pikapu, Njombe

JIBU: Kaka, ulipomwambia fundi asubiri uliokoa hedi ya injini, ile sehemu ya juu ambayo plagi zinafungwa. Bomba kwenye mpini wa racheti, hapana. Na injini ikiwa ya moto, hapana mara mbili. Kazi yenyewe unaweza kuifanya kwa mikono yako kama huna haraka na una jioni mbili za kuitumia. Swali lako la mwisho ndilo ambalo jibu lake halitakufurahisha: sidhani kama plagi mpya peke yake zitaondoa misi hiyo. Ile oili uliyoitaja kwa kupita tu, kwenye mpira wa koili ya tatu, ndiyo inayonisumbua mimi. Nitairudia tukishaitoa plagi.

Injini yako, kwa ukubwa huo na mwaka huo, ni 2TR: silinda nne, vali 16, na koili nne za kupandisha umeme wa cheche, kila moja imekaa juu ya plagi yake kwa mpira wake. Hedi ni ya aluminiamu na plagi ni ya chuma, na uzi wake ni mrefu kuliko ule wa plagi za injini za zamani kama 22R au 4Y. Uzi mrefu una eneo kubwa la kung'ang'ania. Ukivuta kwa bomba la mita moja, mkono hausikii tena kinachotokea kule chini. Unasikia tu kwamba kitu kimeachia. Huenda ni plagi. Huenda ni nyuzi za hedi zimetoka nayo, zimeizunguka kama springi. Au plagi imekatika, kichwa kimebaki kwenye soketi na kipande chenye uzi kimebaki shimoni. Nyuzi zikitoka, unachongewa uzi mpya na kuwekewa helikoili (uzi wa bandia wa waya), kazi inayofanyika vizuri zaidi hedi ikiwa imeshushwa. Kipande kikibaki ndani kina fundi wake maalumu, na si kila mji una huyo fundi.

Nimtendee haki fundi wako, hoja yake ina msingi. Aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma kwa joto lile lile, kwa hiyo injini ikiwa ya moto tundu linapanuka kuliko plagi na nyuzi zinapaswa kulegeana. Shida ni kwamba plagi iliyokwama imeshikwa na masizi magumu na kutu katikati ya nyuzi. Ukiizungusha, uchafu huo unasaga kinachopakana nao, na aluminiamu yenye moto ni laini zaidi kuliko ya baridi. Pamoja na hayo, kuingiza mkono kati ya mabomba ya injini yenye nyuzi joto 90 kunamfanya mtu avute kwa hasira ili amalize.

Fanya hivi. Kwanza rudisha plagi ya kwanza na ya pili kwa vidole, hata kama ni zile za zamani. Shimo la silinda likiachwa wazi, washa moja tu (kipete cha boliti) ikitumbukia humo usiku hutalala. Kisha kausha shimo la tatu. Mimi hutumia bomba la sindano kubwa, yale yanayouzwa kwenye maduka ya dawa za mifugo, nachomeka kimpira chembamba mbele na kuvuta oili yote. Kinachobaki nakifuta kwa kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti. Usiruke hatua hii. Oili iliyomo shimoni, plagi ikitoka tu, inamwagikia ndani ya silinda, na siku ya kuwasha utatoa moshi wa buluu mpaka majirani watoke nje. Mbaya zaidi ni mchanga. Barabara zetu za vumbi zinajaza mashimo hayo mchanga laini, na punje zikiangukia juu ya pistoni zinakwaruza ukuta wa silinda. Ukishafuta, puliza kwa upepo wa kompresa, hata ya mziba pancha, ukiwa umevaa miwani.

Shimo likiwa kavu, nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu kwenye shina la plagi, kidogo tu, na uende kulala. Hayo mafuta yanapenya taratibu, na dakika kumi hazitoshi.

Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, chukua soketi ya 16, ile maalumu ya plagi yenye mpira au sumaku ndani, ekstensheni (fimbo ya kurefusha) ya sentimita 20 au zaidi kidogo, na racheti ya kawaida. Isukume soketi mpaka ikae chini kabisa. Mkono wa kushoto ukandamize kichwa cha racheti ili ekstensheni isimame wima, wa kulia uvute. Ekstensheni ikilala upande, unaivunja kauri nyeupe ya plagi ukidhani unaifungua. Lengo la mvuto wa kwanza ni kuisogeza tu, sehemu ya nane ya mzunguko. Ikisogea, simama, irudishe ilikotoka, ongeza mafuta, subiri, sogeza tena robo, irudishe. Utasikia inalia kama mlango wa zamani. Kila ikilia, rudi nyuma. Ukienda mbele moja kwa moja wakati inalia, unakusanya uchafu wote mbele ya uzi mpaka ujibane wenyewe.

Ikikataa kabisa, funga plagi zote na koili zake, washa injini dakika chache, ipate uvuguvugu wa kuweza kubandika kiganja juu ya tapeti kava, kifuniko cha juu cha injini, bila kukiondoa. Zima, toa koili, jaribu tena kwa mtindo ule ule wa mbele na nyuma. Huo ndio moto pekee ninaoukubali, na baada ya baridi kushindwa. Kama hata hapo haitoki, acha. Gari lako bado linatembea likiwa na plagi ya zamani ya tatu, kwa hiyo una muda wa kulipeleka kwa mtu mwenye vifaa vya kuchonga uzi, ambaye likiharibika mkononi mwake ana la kufanya.

Sasa hiyo misi.

Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila plagi inapiga cheche mara 25 kwa sekunde. Kitonga, ukiwa na mzigo, umekanyaga mafuta mpaka chini. Hewa nyingi inaingia kwenye silinda, na inapobanwa mgandamizo unakuwa mkubwa kuliko ukiwa tambarare na mguu mwepesi. Cheche inapata tabu kuruka kwenye hewa iliyobanwa hivyo, ikabidi koili ipandishe volti, maelfu kwa maelfu, mpaka iweze. Umeme nao hauna uvumilivu. Ukiona njia nyepesi ya kufika kwenye bodi ya injini, unaifuata. Mpira wa koili uliolowa oili, uliolainika na kupata nyufa, wenye unyevu wa mvua, ni njia nyepesi. Umeme unashuka kwa nje ya kauri mpaka kwenye chuma cha plagi bila kufika kwenye ncha, na silinda ya tatu inabaki na petroli isiyoungua. Tambarare mgandamizo ni mdogo, cheche inapita, unasema gari zima kabisa. Ndiyo maana magonjwa ya plagi na koili huanza kuonekana mlimani.

Wapo wanaoleta misi ya namna hii kwa mikono yao, siku ya kuosha injini kwa mashine ya presha. Maji yanaingia kwenye shimo la plagi na hayana pa kutokea. Kama uliosha injini mwezi huo wa tatu, utajua mwenyewe.

Oili imefikaje pale? Juu ya injini kuna tapeti kava, na kila plagi imepitishiwa bomba katikati ya eneo lenye oili. Kinachozuia oili isiingie kwenye bomba hilo ni sili ya mpira, moja kwa kila plagi. Sili hizo zikizeeka zinakuwa ngumu kama plastiki na oili inapita pembeni taratibu. Kwa gari la 2008 ambalo halijawahi kufunguliwa tapeti kava, sishangai hata kidogo. Dawa ni gasketi ya tapeti kava pamoja na sili zote nne, si ya tatu peke yake, kwa sababu zilizeeka pamoja. Kabla ya kurudisha kava, futa gundi ya zamani na uweke gundi mpya kidogo kwenye maungio ya kava la taiming na hedi, pale ambapo gasketi peke yake haishiki. Boliti za kava zikazwe kidogo kidogo kwa zamu kuanzia katikati. Wengi wanazikaza kwa nguvu wakidhani ndiyo kuzuia kuvuja, kumbe wanaikunja kava na linavuja zaidi.

Na ukiwa hapo, angalia vali ndogo ya kupumulia injini, iliyounganishwa na mpira unaokwenda kwenye menifoldi ya hewa. Kazi yake ni kunyonya mvuke na gesi inayovuja kupita ringi za pistoni. Ikiziba kwa tope la oili, presha ndani ya injini inapanda na inatafuta pa kutokea, na sili za mabomba ya plagi ni miongoni mwa sehemu dhaifu. Itoe, itikise karibu na sikio. Nzima inagonga ndani, tik tik. Iliyonyamaza, ioshe au nunua nyingine. Ni spea ya bei ndogo. Nimeona watu wanabadili sili mara mbili kwa mwaka na hawajawahi kuigusa vali hii.

Kwa hiyo plagi mpya zitasaidia kidogo, kwa sababu ncha mpya inahitaji volti ndogo kuliko ncha iliyolika, na misi inaweza kupotea kwa wiki kadhaa. Ukiviacha sili na mpira wa koili kama vilivyo, itarudi.

Plagi za zamani usizitupe na usizifute. Zipange mezani kwa namba, ya kwanza ikiwa ile iliyo upande wa rejeta. Rangi ya kijivu au udongo mkavu kwenye ncha ni afya. Masizi meusi makavu yanayofutika kwa kidole maana yake petroli ni nyingi kuliko hewa: anza na filta ya hewa, ambayo kwa safari zako za vumbi nina hakika inahitaji macho. Weusi wa oili nzito kwenye ncha ni habari mbaya, oili inaingia ndani ya silinda kupitia ringi au sili za vali. Lakini tofautisha: oili iliyoko kwenye kauri ya juu na kwenye nyuzi tu, ncha ikiwa kavu, imetoka juu, kwenye zile sili za bomba. Nadhani ya kwako itakuwa hivi, na ndiyo sababu nilisema ukaushe shimo kwanza, vinginevyo plagi itajipaka oili wakati wa kutoka na usijue lipi ni lipi. Ncha nyeupe yenye malengelenge inaonyesha joto la kupita kiasi au hewa inayoingia kwa njia ya panya, labda bomba la hewa limepasuka baada ya kipimo cha hewa. Na plagi moja ikiwa safi kama imeoshwa wakati wenzake zina rangi, angalia maji ya rejeta kama yanapungua; hiyo mara nyingi ni gasketi ya hedi inayopitisha maji kwenye silinda hiyo, na yanageuka mvuke na kuisafisha.

Kuna alama moja inayowadanganya hata mafundi wazuri. Kwenye kauri nyeupe, pale inapoungana na chuma, unakuta pete ya kahawia kama chai iliyomwagika. Wengi wanasema gesi inavuja, plagi imekufa. Sivyo. Umeme mkubwa unaopita ndani unavuta chembe za oili zilizoko hewani na kuzibandika pale. Plagi yenye pete hiyo inaweza kuwa nzima kabisa.

Kuhusu hizo nne ulizonunua hukuniambia ni za aina gani, na hapo nataka utulie. Linganisha na ile ya zamani kwa urefu wa uzi, unene wa uzi na ukubwa wa kichwa, zikiwa zimelala sambamba. Plagi fupi inaacha nyuzi za chini za hedi wazi zijae masizi, na ndefu kupita kiasi inaweza kugonga pistoni. Kisha soma namba ya joto. Kwa Denso na NGK, namba ikiwa kubwa plagi ni ya baridi zaidi. Kwa Bosch na Champion ni kinyume, kubwa ndiyo ya moto. Kwa hiyo muuzaji anayekuambia “hii namba imeongezeka moja tu, ina nguvu zaidi” anaongea asichokijua. Namba hiyo haihusu nguvu ya cheche. Inahusu jinsi plagi inavyopitisha joto kwenda kwenye hedi. Ncha inatakiwa iwe na joto la kama nyuzi 450 kwenda juu ili iunguze masizi yake yenyewe, na isizidi karibu 870, maana hapo itawasha petroli kabla ya wakati. Fuata namba iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari au kwenye plagi ya kiwandani iliyotoka, basi.

Plagi feki zimejaa, na maboksi yake siku hizi ni mazuri kuliko ya orijino. Mimi siangalii boksi. Naangalia washa ya chuma iliyoko chini ya kichwa: kwenye orijino inazunguka lakini haitoki kwa vidole, kwenye feki nyingi inadondoka yenyewe. Naangalia kama ncha ya kati iko katikati kweli, na maandishi kwenye kauri hayafutiki kwa kucha. Kama plagi inajiita ya iridiamu, ncha yake ni nyembamba, chini ya milimita moja. Nene kama msumari ni nikeli tu, haijalishi boksi linasema nini. Ukiwa na mita ya umeme, pima kutoka juu mpaka kwenye ncha ya kati. Plagi yenye herufi R ina rezista ndani na nyingi husoma karibu omu 5,000. Ukisoma sifuri, hiyo R ni ya mapambo.

Iridiamu au nikeli? Kwa gari la kazi lenye koili juu ya plagi, mimi ningeweka iridiamu hata kama ni ghali. Nikeli inalika, baada ya kilomita 20,000 hadi 40,000 gepu (nafasi inayorukwa na cheche) imepanuka na koili inafanya kazi ya ziada, wakati iridiamu hukaribia 100,000. Lakini iridiamu ya feki ni mbaya kuliko nikeli ya kweli. Kama huna uhakika na duka, nunua nikeli ya kweli na uandike kilomita kwenye kava la filta.

Gepu ya plagi nyingi za injini hizi ni milimita 1.0 hadi 1.1, ile 11 mwishoni mwa namba ya plagi inamaanisha 1.1. Pima kwa fila geji (vibapa vya kupimia nafasi) bila kusukuma. Kama ni iridiamu na gepu si sawa, usiigonge mezani wala usiikwangue kwa brashi ya waya. Irudishe dukani. Na plagi iliyodondoka sakafuni, hata kama inaonekana nzima, iweke pembeni. Kauri inapasuka kwa ndani pasipoonekana, kisha unatafuta misi wiki nzima kwenye plagi uliyoiweka juzi.

Kufunga ndiko kulikonifundisha mimi adabu. Mwaka wangu wa pili wa uanafunzi nilipewa gari la mteja nifunge plagi. Ya nne, ile ya nyuma karibu na bodi, haionekani vizuri. Nikaishusha kwa racheti, ikaingia mizunguko miwili ikawa nzito. Nikajisemea imefika. Nikaongeza mkono, ikaingia nusu nyingine kwa uzito ule ule, nikafurahi. Ilikuwa imeingia upande, inajichongea uzi wake yenyewe kwenye aluminiamu. Fundi mkuu hakunipiga wala hakufoka. Aliniambia tu nishike taa, akafanya kazi ya kuokoa uzi ule tangu saa nane mpaka usiku, bila kunisemesha. Tangu siku hiyo racheti haigusi plagi mpya mpaka iwe imekwisha kuingia yote kwa mkono.

Njia yangu ni hii: kata kipande cha mpira wa petroli, urefu wa sentimita 25 hivi, chomeka kwenye kichwa cha juu cha plagi, ishushe shimoni kwa huo mpira. Kwanza izungushe kinyume, kama unafungua, mpaka usikie kijidondoko kidogo. Hapo mwanzo wa uzi umekutana na mwanzo wa uzi. Kisha anza kufunga kwa vidole viwili. Ikiwa imeingia upande, mpira unateleza wenyewe kabla hujaharibu kitu, na hapo ndipo unapozidi racheti kwa akili. Ikigoma mapema, toa, futa, anza upya. Ikifika mwisho, yaani washa imegusa, chukua soketi na ukaze nusu mzunguko, usizidi theluthi mbili, kwa plagi mpya yenye washa mpya. Kwa plagi ya zamani unayoirudisha, washa imekwisha kubanwa. Sehemu ya kumi na mbili ya mzunguko inatosha, kama mshale wa saa unavyosogea kutoka kumi na mbili kwenda moja. Boksi likiwa na maelekezo tofauti, lifuate boksi. Mwenye spana ya torki afuate kitabu cha gari.

Usipake grisi ya shaba kwenye nyuzi. Najua kwa yaliyokupata utatamani. Plagi za sasa zimepakwa madini ya kuzuia kutu tayari, na grisi inafanya uzi uteleze hivi kwamba ukikaza kwa mazoea yako unakuwa umepitiliza. Mara nyingi plagi hukwama kwa sababu aliyeifunga mara ya mwisho alikaza mno, au ilikaa miaka mingi bila kuguswa.

Koili zinashikwa na boliti moja ya 10 kila moja. Soketi ya waya ni plastiki iliyookwa na joto miaka mingi. Bonyeza kufuli lake kwa kidole gumba, usivute kwa waya. Koili izungushe nusu kushoto nusu kulia kabla ya kuinua, la sivyo mpira unabaki shimoni. Ile mipira inauzwa peke yake kwa koili nyingi. Nunua ya tatu, na ukiweza zote nne. Angalia ndani na nje ya mpira wa zamani: mstari mwembamba mweupe au mweusi kama mchoro wa kalamu ni njia ambayo umeme umejichongea, na mpira huo hauoshwi ukapona. Kwenye mpya paka grisi ya silikoni kidogo mdomoni, hasa kama unakaa penye mvua. Ukiona koili yenyewe ina ufa kwenye mwili, hiyo nayo ni ya kubadili.

Mwenye Hilux ya dizeli anayesoma hapa, 3L, 5L, 2KD na nduguze, asikimbilie kununua plagi hizi. Dizeli haiwashwi kwa cheche. Zilizoko pale ni hita plagi za kupasha wakati wa baridi, na misi yake inatafutwa kwenye nozeli (vinyunyizio vya mafuta) na pampu.

Ukishafunga vyote, usiende Kitonga mara moja. Washa, iache injini ipate joto, sikiliza. Kisha tafuta mlima mfupi karibu na nyumbani, gia ya tatu, mguu mpaka chini. Ikimisi bado, badilishana koili ya tatu na ya kwanza. Kama una kifaa cha kusoma kodi (namba za hitilafu) na kompyuta ya gari lako inahesabu misi, maana si kila gari la soko letu linafanya hivyo, P0303 ni silinda ya tatu na P0301 ni ya kwanza. Kodi ikihama na koili, koili ndiyo mgonjwa. Isipohama, pima mgandamizo wa silinda ya tatu na uangalie nozeli yake. Wakati wa kupima mgandamizo chomoa fyuzi au rilei ya petroli kwanza, usimwage mafuta kwenye mashimo yaliyo wazi.

Plagi ya tatu ikitoka, ipige picha kabla hujaifuta, ncha na nyuzi zote mbili zionekane, unitumie pamoja na namba zilizoandikwa kwenye zile nne mpya. Kama ncha ni kavu na nyuzi zina oili, nunua sili. Kama ncha nayo imelowa oili nyeusi, usinunue kitu chochote bado. Pima mgandamizo kwanza.